UZI: Madogo wanajua maneno ya Kiingereza ila ukiwasemesha wanatoka kapa. Kusikiliza tunakufundisha wapi?

Mleta uzi

Habari za jioni wadau, hasa walimu wenzangu na wazazi wa huku kanda ya ziwa. Kuna jambo linanikereketa muda mrefu sasa, leo nimeamua nilimwage lote humu. Ni refu, jipangeni.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, huku Ilemela. Kila January napokea Form One ambao miaka 7 yote ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, hesabu Kiswahili, sayansi Kiswahili, Kiingereza wanakutana nacho kama somo tu, alafu ghafla wanaingia darasani Biology kwa Kiingereza, Geography kwa Kiingereza, mpaka matangazo ya paredi asubuhi. Tunawapa ile kozi ya mwanzo ya kuwazoesha, sawa, ila ukiikagua vizuri imejaa msamiati na sarufi. Kusikiliza tunaona kutajileta kwenyewe.

Mwaka huu nikaamua kufanya kitu tofauti siku ya kwanza kabisa. Nikawaambia chukueni daftari, nitasema sentensi moja, andikeni mlichosikia hata kama hakina maana. Sikuisoma kama tunavyosoma imla, ile ya kulipua neno moja moja unapumzika, unalipua lingine. Nikaisema kama mtu anavyomwambia mwenzie jikoni: "Take it out of the bag." Mara tatu. Nikaanza kupita katikati ya madawati.

Kuna binti mmoja amekaa dawati la tatu upande wa dirisha, ameandika "Tei kitau tada beg". Hiyo "kitau" ameifuta na kuirudia mpaka karatasi imetoboka. Nikachukua kalamu yake nikamwandikia pembeni yale maneno 6, nikamuuliza moja moja. Take? Chukua. It? Hicho kitu. Out? Nje. Of? Ya. The bag? Begi. Yote anayajua! Akaniangalia akasema kwa sauti ndogo, "Madam, kumbe ni hayo tu?"

Wadau, ile "kumbe ni hayo tu" imenikaa kichwani mpaka leo. Mana ukiangalia alichoandika, yule mtoto alisikia SAWASAWA. Nilipoisema ile sentensi, k ya take ilihamia kwa it, t ya it ikahamia kwa out, t ya out ikahamia kwa of, na of yenyewe ikamezwa ikabaki kapumzi tu. Tei-ki-tau-ta-the-bag. Ndo kilichotoka mdomoni mwangu na ndo alichokiandika. Yeye msamiati anao, masikio anayo, kitu ambacho hana ni mtu wa kumwambia kwamba Kiingereza kikisemwa maneno hayakai kama yalivyokaa kwenye daftari. Na mtu wa kumwambia hivo ni mimi, na miaka yote sikuwaambia.

Nilikuwa nafanyaje? Naleta simu na kaspika, naweka rekodi ya dakika 3, naicheza, nauliza maswali 5, nasahihisha, waliopata wanapigiwa makofi, waliokosa nawaambia "sikilizeni kwa makini". Huo ni mtihani, wala sio somo. Ni kama kumtupa mtoto ziwani pale Mwaloni alafu ukae juu ya jiwe unampa maksi za kuogelea.

Naomba tujadili. Wenzangu mnafanyaje?

Mdau wa Sengerema

Madam shikamoo kwanza. Mimi nipo msingi. Kwa mtaala mpya sasa hivi Kiingereza tunaanza nacho darasa la kwanza, so tunaimba sana, stand up, sit down, touch your head. Watoto wanafanya vizuri mno mpaka raha. Ila nimegundua ukibadilisha kidogo tu, ukasema touch your friend's head, wanasimama wanaangaliana. Tatizo nini?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na hongera, uko njia sahihi. Hiyo ya amri na vitendo ilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, tangu miaka ya 1960. Hoja yake ni kwamba mtoto mchanga anaelewa na kutii kwa muda mrefu sana kabla hajaongea, so na mwanafunzi wa lugha ya pili muache asikie na afanye kwanza, kuongea kutafuata.

Sasa darasa la watoto 90 lina mtego. Wanaosikia ni watatu wa mbele, waliobaki wanawatazama hao watatu. Na amri zikiwa zile zile kwa mpangilio ule ule mtoto hasikilizi tena, anacheza ngoma aliyoizoea. Jaribu kuwaambia wafumbe macho. Au toa amri kwa wenye viatu vyeusi tu, au kwa mstari wa dirishani tu. Na uchanganye maneno wanayoyajua kwa namna ambayo hawajawahi kuisikia, "put your pen under the book", kesho yake "put your book under the pen". Hapo utamjua nani anasikia na nani anafuata mkumbo, alafu utaona wenyewe wanafurahi.

Mdau wa Kirumba

Mimi sio mwalimu, nafanya biashara ya samaki hapa Kirumba, ila uzi umenigusa. Nilishawahi kupigiwa simu na mteja wa nje ya nchi, tunaongea ung'eng'e, mi nikaelewa anataka katoni 30. Nikapanga barafu, nikapanga usafiri, kila kitu. Kumbe alisema 13. Kilichonipata sitaki kukumbuka. Kiingereza nimesoma mpaka Form Four na nilifaulu. Hivi hapo ningefanyaje?

Mleta uzi

Pole sana kaka, na asante kwa huu mfano, kesho naupeleka darasani kama ulivyo.

Hapa ngoja niseme kitu ambacho natamani kila mwalimu wa lugha nchi hii akijue. Kiswahili mkazo wake umetulia, unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. SaMAki. MwaLImu. WanaFUNzi. Kwahiyo sikio la Mswahili bila hata kujijua limezoea, likisikia mkazo linajua bado silabi moja neno liishe. Kiingereza hakiendi hivo. Maneno yao mengi yenye maana, yale majina ya vitu na vitendo, yanaanzia kwenye mkazo, WAter, TEAcher, FISherman. Unaona balaa? Pale ambapo sikio letu linasema "neno linakaribia kuisha" kwao ndo neno limeanza. So tunakata pasipokatwa, na ukikata vibaya neno la kwanza sentensi nzima inaharibika.

Sasa thirteen na thirty. Wenyewe thirTEEN wanaibeba mwishoni na wanaivuta, THIRty wanaipiga mwanzoni na mwisho wanaufupisha. Sisi zote mbili tunazipa mkazo wa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, THIRteen, THIRty. Zikishafanana mdomoni mwako zinafanana na sikioni. Na kuna kingine, hata wenyewe ikifuatiwa na jina, thirteen cartons, mara nyingi mkazo unarudi mbele, unabaki ule mvuto na n ya mwisho tu, na kwenye simu yenye upepo wa ziwa hiyo n nani ataisikia? Ndo mana watu wa biashara wanahakikishiana, "one three, or three zero?" Hilo swali lifundishwe kaka. Mtu kuomba arudiwe, tena aombe kwa kutaja sehemu yenyewe, ni nusu ya kusikiliza.

Dawa ya kudumu ni kuzoesha mdomo na sikio pamoja. Mimi naandika ubaoni jozi, 13/30, 14/40, mpaka 19/90, natamka moja, wanainua mkono wa kushoto au wa kulia. Kisha wao wanatamka, mimi nainua mkono. Wakiona nimeinua tofauti na walichokusudia wanashtuka, na hapo mtoto anarekebisha bila hata kusemwa. Dakika 5 tu.

Mdau mwingine

Samahani madam, mimi nitakuwa tofauti. Mtihani wa mwisho karatasi na kalamu. Hakuna anayewekewa spika pale. Mada ni nyingi, vipindi vichache, watoto 80 darasani. Hayo mambo ya lafudhi za wazungu tuwaachie shule za milioni, sisi tufundishe kinachoulizwa.

Mleta uzi

Nimekuelewa na sikulaumu, mada kweli haziishi, mimi mwenyewe nina vipindi mpaka natafutana na chaki. Ila nikuulize, huyo mtoto wa Form One anajifunzaje Biology? Vitabu mara nyingi wanashea watatu wanne. Kinachobaki ni mdomo wa mwalimu. Mwalimu anaongea Kiingereza dakika 40, mtoto ananasa vipande, anasubiri kiandikwe ubaoni anakili, akifika nyumbani hajui amenakili nini. Asiyesikia kwenye kipindi changu amefeli masomo mengine yote kabla hajaukaribia huo mtihani wa karatasi. Mi naona hapo ndo tunapowapoteza wengi, wanaonekana wazito kumbe hawakuwahi kuingia kwenye mazungumzo.

Na sijasema lafudhi ya mzungu. Simtaki mtoto aongee kama mtu wa London. Mtoto wa Mwanza atasikilizana na nani kwa Kiingereza? Mkenya wa Kisumu, Mganda aliyevuka na mzigo, mfanyabiashara Mhindi wa hapa hapa mjini, mtalii aliyeshuka akitafuta gari ya kwenda Serengeti kupitia Ndabaka, na mwalimu wake wa fizikia. Hao ndo nataka awasikie. Nina mwenzangu mmoja Mkenya, nilimuomba anirekodie voisi ya sekunde 30 tu akielezea alivyopika ugali, na Mganda mmoja akaelezea hivyo hivyo. Darasa lilisikiliza mara nne bila kuchoka, wakabishana nani anatia mafuta kwenye maji.

Mdau wa Magu

Huku kwetu watoto wengi wanatoka kwenye Kisukuma moja kwa moja, Kiswahili chenyewe wamekijulia shule. R na L shida, kura na kula ni kitu kimoja. Kwenye Kiingereza si ndo itakuwa maafa, rice na lice?

Mleta uzi

R na L ni kweli, na naomba walimu tuache kuwacheka, mana ukimcheka mara moja anafunga mdomo miaka minne. Lugha yake ya kwanza haina sababu ya kutenganisha hizo sauti, basi. Anatengenezwa taratibu kwa zile jozi za kuinua mkono, light na right, long na wrong, na utegemee wiki nyingi, usitegemee siku moja.

Ila sasa sikiliza upande wa pili ambao watu hawausemi. Kiswahili kina irabu 5. Kisukuma kina irabu 7! Wana i mbili na u mbili, moja ya kukaza na nyingine imelegea. Tunavyosumbuka kumtenganishia mtoto ship na sheep, full na fool, mtoto wa Kisukuma tayari anatofautisha sauti za namna hiyo nyumbani kwa bibi yake kila siku, ni sisi tumemwambia aache Kisukuma nje ya geti. Mimi ni Mhaya, sikulijua hili mpaka mwanafunzi aliponifundisha. Nikamwambia nitajie maneno mawili ya Kisukuma yanayofanana ila i zake tofauti, akayasema, darasa zima la Wasukuma likacheka kwa kuelewa, mimi nasikia kitu kimoja. Siku hiyo niliyekuwa natoka kapa ni mimi. Nikawaambia haya, ile i yenu ya kulegea ipelekeni kwenye ship. Wakaipata kabla ya kengele. Irabu haiwi ile ile kwa usahihi wote, ila sikio linakuwa limeshafunguka kwamba hapa kuna vitu viwili.

Panapowasumbua wote, Msukuma, Mkerewe, Mjita, na mimi Mhaya nikiwemo, ni kwenye a. Bad, bud, bard, bird, zote tunaziingiza mlango mmoja, "bad". Hapo usikimbilie kumfundisha kila sauti. Mfundishe kutumia mazingira, mtu akisema ameona "bad" juu ya mti akiimba, hilo haliwezi kuwa kitu kibaya, ni ndege.

Mzazi wa Nyegezi

Mwalimu Mungu akubariki. Mimi nina kijana anamalizia Form Two, nyumbani hakuna anayeongea Kiingereza. Nimwekee muvi? Na bando linakula hela.

Mleta uzi

Asante mama. Muvi sio mbaya ila zina mambo mawili. Zile zilizotafsiriwa za DJ hazimsaidii kwenye hili, zinamfurahisha tu. Na za Kiingereza zenye maandishi chini, jicho linafanya kazi ya sikio, anasoma, hasikilizi. Kama ni muvi, achukue kipande cha dakika 1, asikilize kwanza bila maandishi, ndo ayafungue aone alikosa wapi.

Kitu kinachoshinda muvi kwa mwanafunzi ni kipande kifupi kilichotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza. Sauti ya Amerika walianza matangazo ya namna hiyo tangu 1959, kama maneno 1,500 tu, sentensi fupi, na mwendo wa taratibu, na vipindi vyao vingi vina maandishi yake kamili. BBC nao wana vyao. Apakue kimoja penye waifai au kwa rafiki, akiweke kwenye memori kadi, bando halitamsumbua tena. Na asikilize hicho hicho wiki nzima! Watu wanakosea hapa, wanataka kipya kila siku. Siku ya kwanza apate habari inahusu nini tu. Siku ya pili aandike sentensi 3 neno kwa neno. Ya tatu afungue maandishi azungushie duara kila neno analolijua ila hakulisikia. Hayo ya kwenye duara ndo mwalimu wake. Alafu asikilize tena akiyatamka pamoja na msomaji.

Kupunguza spidi kwenye simu, ile 0.75, inaruhusiwa mwanzoni, ila isiwe mkongojo, mana ikipunguzwa mno sauti zinaharibika na huku nje hakuna binadamu anayeongea hivo. Bora asimamishe kila baada ya kifungu apumue, kuliko kuvuta maneno.

Mdau wa Sengerema

Madam na wewe darasani unafanyaje sasa, tuambie kipindi chako kinaendaje, na umeme ukikatika?

Mleta uzi

Umeme siutegemei. Kifaa cha kwanza ni sauti yangu, na nimeacha kusimama mbele, nasimama katikati ya darasa mana nyuma kule hawasikii kitu. Mvua ikipiga bati naahirisha, siku hiyo tunasoma, sipambani na mvua.

Kila kipindi dakika 10 za kwanza ni za sikio. Sentensi moja, mwendo wa kawaida, mara tatu. Kwanza hawaandiki, wanahesabu tu, umesikia maneno mangapi? Mmoja anasema 4, mwingine 7, wanaanza kubishana, na ubishi wenyewe unawafanya wasikilize mara ya pili kwa hamu. Ndo wanaandika. Wanalinganisha na jirani, Kiswahili ruksa, Kisukuma ruksa, nachotaka ni kichwa kifanye kazi. Kisha naiandika ubaoni na chaki ya rangi, nachora kamstari pale neno lilipoungana na lenzake, na maneno yaliyomezwa, of, to, and, can, nayaandika madogo kama mchwa. Tunaisema wote kwa mdundo, tukipiga dawati kwenye silabi nzito tu. Hiyo can ina siri yake, mnaofanya kazi za boti za Saanane na utalii mnisikie: "we can go" can inamezwa, "we can't go" inabeba uzito, na t ya mwisho mara nyingi huisikii kabisa. Ukisikia ni nzito na imevutwa, shtuka, huenda umekataliwa.

Ijumaa nasoma kahadithi ka sentensi 6 au 7 mara mbili, wananasa maneno wanayoweza, alafu wanne wanne wanaijenga upya kwa Kiingereza chao. Kabla sijasoma nawaambia ni kuhusu nini, kama ni mvuvi na dhoruba wanakisia maneno gani yatakuja. Anayekisia "boat", hata akisikia "boti" la ajabu linalopita haraka, atalinasa.

Na makosa yao siyatupi. Nina daftari naandika kila walichosikia vibaya. Likijaa ukurasa najua wiki ijayo nafundisha nini.

Mdau wa Kirumba

Madam nimejaribu ile one three or three zero leo na mteja. Kasema "one five, fifteen". Nilikuwa nimeshaandika 50.

Mleta uzi

Alhamdulillah kaka!

Na mimi nina la kumalizia leo. Yule binti wa dirishani. Jana mwalimu wa Biology kaniita staff room, anasema darasani siku hiyo kaeleza kitu, kauliza mmeelewa, wote "yees sir" kama kawaida, mmoja kanyoosha mkono. Akadhani anaomba kwenda nje. Kumbe anasema, "Sir, please say again, after 'because'."

Mwalimu ananiuliza, huyu umemfundisha nini? Nikamwambia mwenzangu, rudia tu hiyo sehemu ya baada ya because, na usiisome taratibu.